Mwanamke, Ubao na Wimbi: Kiswahili Kisiachwe Ufuoni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii huwafaa wasafiri wote, lakini huwafaa zaidi wale ambao mwisho wa safari yao si hotelini wala sokoni bali ni ndani ya maji yenyewe. Miongoni mwao ni wanawake ambao, wakiwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Maskati au London, hupanga kwenda likizo katika pwani ya Malindi na Kilifi ili wajifunze mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao.

Mwanamke wa namna hiyo huianza safari yake kwa kuvinjari katika intaneti. Hapa ndipo kinaya kinapojitokeza. Kitenzi kuvinjari hakikuzaliwa ndani ya kompyuta. Ni kitenzi cha mabaharia, nacho hueleza chombo kinachozungukazunguka baharini kikilinda au kikipeleleza. Kiswahili kilikitoa baharini kikakipeleka kwenye kioo cha kompyuta, na wasemaji wakakipokea bila ubishi. Lakini msafiri wa kike anapokitumia kitenzi hicho kutafuta habari za bahari ile ile kilikotoka, hukuta sehemu kubwa ya maelezo iko katika Kiingereza, Kiitaliano au Kijerumani. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya maji hayo na ya watu wanaoishi kwa maji hayo, humwambia machache mno.

Je, upungufu huu ni wa wauza safari peke yao? La hasha. Hoja ya makala haya ni kwamba maarifa ambayo mwanamke huyu anayahitaji ili aende salama na arudi salama yamo katika Kiswahili cha Pwani, yamekuwamo kwa karne nyingi, na walioacha kuyaandika na kuyasambaza ni wasomi wa Kiswahili. Kazi hii ni yao, na anayepata hasara kwa kutofanyika kwake ni mtu aliye majini.

Bahari ina majira na majina

Jambo la kwanza ambalo msafiri hupaswa kuamua ni wakati wa kwenda. Vitabu vya utalii vya lugha za kigeni humhesabia miezi ya jua na miezi ya mvua, kana kwamba anakwenda kuota jua tu. Mvuvi wa Malindi hahesabu hivyo. Yeye huhesabu pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Maji huwa meupe na ya kuonekana chini, na bahari kwa jumla huwa tulivu kuliko wakati mwingine. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Bahari huchafuka, mwani hutupwa ufuoni, na mawimbi huwa makubwa. Kati ya pepo hizo mbili huja maleleji, wakati wa upepo usio na msimamo. Ni pepo hizi zilizovileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi wakati wa kaskazi na kuvirudisha wakati wa kusi, na kwa hiyo ni pepo hizi zilizoijenga miji ya Waswahili.

Kwa mwanamke anayepanga safari, maneno haya mawili, kaskazi na kusi, yana uzito wa tiketi. Anayetaka kuogelea na kutazama samaki wa matumbawe humfaa kaskazi. Anayetaka mawimbi ya kupanda kwa ubao humfaa kusi, hasa miezi ya katikati ya mwaka, ambayo ndiyo miezi ambayo wauza safari wengi huiita ya msimu mbaya. Hivyo basi msafiri aliyekosa maneno haya huweza kulipa bei ya juu mwezi wa Januari, akaja Malindi na ubao wake, akayakuta maji yamelala.

Jambo la pili ni mahali. Wengi hudhani kwamba pwani yote kutoka Mtwapa hadi Ngomeni ni moja. Sivyo. Mwamba wa matumbawe huifuata pwani hii kwa masafa marefu na kuyavunja mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Ndiyo maana sehemu nyingi maji ya ndani ya mwamba huwa kama ziwa. Kwenye ghuba ya Malindi hali ni tofauti. Mto Sabaki, ambao huingia baharini kaskazini mwa mji, huleta maji baridi ya mto na tope jingi, na matumbawe hayastawi katika tope. Kwa sababu hiyo mwamba umekatika, na mawimbi ya kusi huingia ghubani bila kuzuiliwa. Tope lile lile linaloyatia maji rangi ya udongo wakati wa mvua, na ambalo wenye hoteli hulinung'unikia, ndilo lililowapa wapanda mawimbi uwanja wao. Aidha, mlangoni mwa mto huo huonekana viboko, na mtu asiyeambiwa habari hiyo kwa lugha anayoielewa amedhulumiwa.

Kilifi ni habari nyingine. Huko mwamba uko karibu na ufuo, na mchezo unaostawi zaidi ni ule wa kuvutwa na tiara juu ya ubao, ambao hutegemea upepo kuliko wimbi. Hori ya Kilifi ni ya kina kirefu, na maji yanapotoka, mlango wake huwa na mkondo wenye nguvu. Watamu, iliyo kati ya miji hiyo miwili, imo ndani ya eneo la hifadhi: hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Humo kuna masharti ya serikali kuhusu yale ambayo mgeni anaruhusiwa kuyafanya.

Jambo la tatu ni kupwa na kujaa. Katika pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huweza kupita mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mahali palipokuwa na maji ya kifuani saa tatu asubuhi huweza kuwa mwamba mkavu wenye makali saa tisa alasiri. Mama karanga, yaani mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi akawakaanga na kuwauza, huyajua hayo bila saa wala kitabu, kwa kuwa riziki yake imefungwa kwenye kurudi kwa vyombo. Msafiri anaweza kuyapata katika majedwali ya maji yanayotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na katika tahadhari za bahari zinazotolewa na Idara ya Hali ya Hewa. Hata hivyo, jedwali huonyesha saa na mita tu. Anayejua nini hutokea katika ufuo fulani saa hiyo ni mtu, na mtu huyo huongea Kiswahili.

Onyo lisiloeleweka si onyo

Hapa ndipo suala la lugha linapoacha kuwa suala la fahari na kuwa suala la uhai. Katika fuo zenye mawimbi, maji yanayosukumwa pwani hutafuta njia ya kurudi. Huipata mahali pembamba, na hutoka kwa kasi kuelekea kilindini yakimchukua aliyemo. Mwogeleaji aliyenaswa akishindana na mkondo huo kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu, huchoka na kuzama. Akiogelea sambamba na ufuo hadi atoke katika mkondo, kisha ndipo arudi, huokoka. Maarifa haya ni ya sentensi mbili. Yanaweza kuandikwa kwenye ubao ufuoni, yanaweza kufundishwa darasa la nne, yanaweza kusemwa na mwalimu wa mchezo kabla ya mwanafunzi kulowanisha miguu.

Swali ni hili: yanasemwa kwa lugha gani? Ufuo wenye hoteli ukiwa na onyo la Kiingereza peke yake, humlinda mgeni wa mbali na kumwacha mgeni wa karibu. Msichana wa Kigiriama aliyekuja na wenzake Jumapili, mwanafunzi wa chuo kutoka Morogoro, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, wote hawa ni wasafiri, na wote huunganishwa na Kiswahili. Onyo lisiloeleweka si onyo. Ni pambo la ufuo.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za mchezo huu. Hoja hii ina ukweli kiasi, na haifai kupuuzwa. Hata jina la mchezo wenyewe halijatulia. Wengine husema kuteleza mawimbini, wengine kupanda mawimbi, na wengine hulichukua neno la Kiingereza na kulipa kiambishi. Kuteleza kuna kasoro yake, kwa kuwa Mswahili anayeteleza kwa kawaida hakukusudia. Kupanda kuna nguvu zaidi: mtu hupanda farasi, hupanda chombo, na katika kupanda huko mna uamuzi, ujuzi na hatari ya kuanguka. Kwa sababu hiyo makala haya yamelitumia neno kupanda. Hata hivyo, neno halisimami kwa kupendekezwa jaridani. Husimama likitumiwa ufuoni.

Kosa kubwa zaidi lingekuwa kuketi chuoni na kubuni istilahi mia moja za mchezo wa bahari bila kumuuliza mtu wa baharini. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Kuna mlango, yaani upenyo wa mwamba unaopitisha chombo; kuna kilindi, kuna fungu, kuna mkondo, kuna bamvua na maji mafu. Kila mji wa Pwani una majina yake ya aina za mawimbi na aina za maji, na sehemu kubwa ya majina hayo huishi vinywani mwa wazee ambao vijana wao sasa huendesha bodaboda. Mzee mmoja akizikwa kabla ya kuulizwa, huondoka na faharasa ambayo hakuna kamusi itakayoirudisha.

Mwanamke safarini si jambo geni

Pingamizi la pili ni la kijamii. Husemwa kwamba safari ya mwanamke peke yake, tena ya kwenda kucheza baharini, ni jambo la kuigwa kutoka ng'ambo lisilo na mizizi katika utamaduni wa Waswahili. Historia haikubaliani na dai hili. Mwaka 1866 Salme binti Said, bintiye Sultani wa Unguja, aliondoka kisiwani kwa chombo, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mwaka 1928 Siti binti Saad, aliyezaliwa katika familia maskini, aliabiri hadi Bombay na kurekodi nyimbo za Kiswahili zilizosikika katika pwani nzima. Katika ardhi hii hii ya Malindi na Kilifi, Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii, magharibi ya mbali ya nchi, kisha mwaka 1914 akatoroka na kurejea kwao Pwani. Hakuna msafiri wa leo, wa kike wala wa kiume, mwenye safari ya kujigamba mbele ya hiyo.

Wala si kweli kwamba bahari ni mali ya wanaume. Wanawake wa Unguja na Pemba wamelima mwani katika maji ya pwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili mzima, na hivyo kuonyesha kwamba stara na usalama wa majini havipingani. Katika ulimwengu mpana, mwanamke wa Ireland, Easkey Britton, aliupanda wimbi wa pwani ya Balochistan nchini Iran mwaka 2010 akiwa amefunika kichwa, na wasichana wa huko wakafuata. Senegal imemtoa Khadjou Sambe, mwanamke aliyeufanya mchezo huu kuwa kazi yake. Michezo ya Olimpiki iliupokea mchezo wa mawimbi kule Japani mwaka 2021, kwa wanawake na wanaume pamoja, na tangu mwaka 2019 ligi kuu ya dunia ya mchezo huo imekuwa ikiwalipa washindi wa kike na wa kiume zawadi sawa. Basi swali si kama mwanamke anafaa kuwa baharini, bali ni kama atakuwamo akiwa na maarifa au akiwa hana.

Pamoja na hayo, ukweli mchungu sharti usemwe. Neno mtalii limebeba sura ya mtu mmoja: mgeni mweupe mwenye fedha. Mwanamke mweupe akitembea peke yake ufuoni Malindi, hufuatwa na vijana wenye vinyago, wenye mashua na wenye maneno matamu, kwa kuwa huhesabiwa kuwa mkoba unaotembea. Mwanamke Mwafrika akitembea peke yake katika ufuo huo huo jioni, huulizwa kwa macho, na wakati mwingine kwa mdomo, amemfuata nani. Pwani hii imeumizwa na biashara ya miili, na mwaka 2006 serikali ya Kenya na UNICEF zilitoa ripoti nzito kuhusu watoto walionaswa ndani yake. Jeraha hilo limewaachia wanawake wote wa ufuoni kivuli cha tuhuma. Mwanamke mmoja hunyimwa amani kwa kudhaniwa ana kila kitu, na mwingine hunyimwa heshima kwa kudhaniwa anauza kila kitu. Wote wawili ni wasafiri, na hakuna anayewatambua kwa jina hilo.

Lugha haiwezi kuliponya jeraha hili peke yake, lakini haiko mbali nalo. Msafiri wa kike anayefika kwa hodi, akamwamkia mzee kwa shikamoo, akamwita muuza madafu kaka na mama karanga mama, amejiweka ndani ya mtandao wa udugu ambao una wajibu wake. Katika jamii ya Pwani, ni vigumu kumtukana hadharani mtu aliyekwisha kukuita kaka mbele ya watu. Mwanamke akisema kwa upole lakini kwa uthabiti, "Ahsante kaka yangu, leo sihitaji," husikika tofauti na anayenyamaza kwa hofu au anayekataa kwa lugha asiyoshirikiana na msikilizaji. Leso iliyofungwa juu ya vazi la kuogelea anapopita mitaa ya mji wa kale, karibu na msikiti, si kifungo. Ni salamu isiyotumia maneno.

Mwongozo ambao haujaandikwa

Chukulia basi kwamba vijana wa vyuo vikuu wangeamua kumwandikia mwanamke huyu mwongozo kwa Kiswahili fasaha. Ndani yake mngekuwa na nini?

Kwanza, mngekuwa na majira, kupwa na kujaa, na tofauti ya fuo, kama zilivyoelezwa hapo juu. Pili, mngekuwa na mambo ya njia. Kilifi iko takriban kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa, na Malindi takriban kilomita 120. Anayetoka Nairobi anaweza kupanda treni iliyozinduliwa mwaka 2017 hadi Mombasa na kuendelea kwa matatu, au kuruka moja kwa moja hadi Malindi. Tangu Januari 2024 Kenya iliachana na viza na kuleta idhini ya kusafiri inayoombwa kwa intaneti, ilhali raia wa nchi jirani za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuwekewa sharti hilo. Mpango mzuri ni wa kufika mchana, si usiku.

Tatu, mngekuwa na maswali ya kumuuliza mwalimu wa mchezo kabla ya kumlipa. Je, anajua kumwokoa anayezama na kumpa huduma ya kwanza? Je, hufundisha wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Je, ubao una kamba ya kuufunga kwenye kifundo cha mguu? Je, kuna mwanamke mwingine katika kundi? Mwalimu mwema hukasirishwa na swali la bei pengine, lakini hakasirishwi na swali la usalama. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Nne, mngekuwa na ukurasa ambao wengi huona haya kuuandika. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006. Nambari ya 1195 huwapokea bila malipo wanaoripoti ukatili wa kijinsia. Aliyebakwa huhitaji kufika hospitalini mapema iwezekanavyo, na dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72. Maneno haya huandikwa kwa Kiingereza katika vijitabu vingi. Yaandikwe kwa Kiswahili kisicho na mafumbo, kwa kuwa tafsida katika jambo hili humnufaisha mkosaji. Wanafasihi huipenda tafsida, na ina mahali pake. Hapa si mahali pake.

Lugha hailishi?

Lipo pingamizi la tatu, na hili hutoka kwa wafanyabiashara. Husemwa kwamba Malindi hula kwa Kiitaliano. Ni kweli kwamba Waitaliano wamekuwa na mizizi huko tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia vyombo vya angani pale Ngomeni na kurusha satelaiti mwaka 1967, na kwamba vijana wengi wa Malindi hukizungumza Kiitaliano bila kuingia darasani. Uwezo wao ni wa kusifiwa. Lakini mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, serikali za ng'ambo ziliwaonya raia wao na hoteli zikawa tupu. Machi 2020 anga ilifungwa kwa sababu ya korona, na wageni wa mbali wakakatika kabisa hadi Agosti. Katika nyakati zote mbili mgeni aliyeweza kufika alikuwa mgeni wa karibu, ajaye kwa basi. Biashara iliyojifunza kumkaribisha mgeni huyo kwa lugha yake ina mguu wa pili wa kusimamia. Isiyojifunza ina mguu mmoja, na ufuo una mchanga.

Aidha, wasomi wa Kiswahili wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wahitimu wao huonekana kuwa walimu tu na si kitu kingine. Uandishi wa miongozo, mabango ya tahadhari, mafunzo ya waokoaji na ukalimani ni kazi zenye ujira. Hazitangojea milele. Zisipofanywa kwa Kiswahili na wenye ujuzi, zitafanywa na mitambo ya kutafsiri, ambayo huweza kuliita wimbi la bahari jina la wimbi la redio, na mtu akaingia majini kwa kuiamini.

Hitimisho

Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hadhi kamili mwaka 2013, kiko Kilifi kwenyewe. Wanafunzi wa Kiswahili wapo, wavuvi wapo, mama karanga wapo, na walimu wa mchezo wa mawimbi wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha. Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, huadhimishwa Julai 7, na Julai 7 huangukia katikati ya kusi, wakati ghuba ya Malindi imejaa mawimbi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimezoea kuiadhimisha siku hiyo kwa ngonjera, mijadala na hotuba kumbini. Mambo hayo ni mema. Mwaka mmoja, sehemu ya wajumbe itoke ukumbini iende ufuoni na daftari, iwaulize wazee majina ya maji na ya pepo, iwaulize akina mama saa za bamvua, iwaulize wanawake waliokuja na mbao zao ni neno gani walilihitaji wakalikosa. Kisha yachapishwe katika kijitabu cha kurasa ishirini kinachoenea katika mkoba, na onyo la mkondo libandikwe ufuoni kwa herufi kubwa.

Kiswahili kiliazima kitenzi cha baharini ili watu wavinjari katika intaneti. Mwanamke anayevinjari usiku huu akitafuta wimbi la Malindi anastahili kulikuta limeelezwa kwa lugha iliyolitaja kwanza.